Mshenga wa Vigae

Ulimi wa kuazima haujibu swali.

Mzee Abedi, fundi cherehani wa pale sokoni, alilisema neno hilo akiwa ameuma pini, wala hakuinua macho kwenye koti alilokuwa akilipunguza. Koti lilikuwa la mjomba wa Nasoro, nalo lilikuwa limeazimwa kwa ajili ya kijana mmoja wa mjini aitwaye Kelvin. Nasoro na wenzake wanne walikuwa na kikundi chao cha kufuga nyuki, na kesho yake walikuwa na kikao na wanunuzi wa asali kutoka ng'ambo. Walikuwa wamemtafuta Kelvin akawasemee. Kelvin anajua kusimama mbele ya watu, ana slaidi, ana sauti ya redio, na tangu azaliwe hajaumwa na nyuki hata mmoja.

"Ndiyo methali gani hiyo, babu?" aliuliza Nasoro, mwenyekiti wao. "Mbona shuleni hatukufundishwa?"

"Shuleni mlifundishwa mangapi?" Mzee Abedi alitema pini kiganjani. "Kaeni hapo kwenye benchi. Koti halijaisha. Methali hii ina kijiji chake na ina mwenyewe, na chanzo chake ni hiki."

Palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamzungo, kule mtoni chini ya milima. Watu wake walikuwa na kazi moja tu, kufyatua vigae vya kuezekea nyumba. Si vyungu, si matofali. Vigae. Udongo waliuchimba ukingoni mwa mto, wakaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika kama donge la maandazi, wakaulaza juu ya gogo lililochongwa mviringo, wakauanika kivulini siku tisa, ndipo wakauingiza tanuruni. Mkubwa wa tanuru alikuwa mjane mmoja jina lake Mwantumu, naye alilirithi kwa mama yake. Mwantumu alipotaka kujua kama kigae kimeiva, hakukitazama. Alikigonga kwa kifundo cha kidole akatega sikio. Kilicholia kama kengele kilipita. Kilichojibu kwa sauti nzito alikivunja palepale, hata kingekuwa kizuri namna gani machoni.

Lakini kuongea! Weee! Ukimwuliza Mwantumu jambo, alilitafuna kwanza. Ungeweza kwenda kisimani ukarudi na ndoo kichwani, hajajibu bado. Watoto walimwita Bi Ngoja. Na jibu lenyewe likija lilikuwa fupi, na mara nyingi lilikuwa hilihili: "Sijui, mpaka nijaribu."

Sasa mwaka huo mambo yalikuwa mabaya. Mabati yalikuwa yameingia mjini, na kila aliyejenga alitaka mabati. Tanuru lililokuwa likiwaka kila juma likawa linawaka mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa msimu. Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kukata mkonge. Lori la kuchukua manamba lilikuwa likisimama pale njia panda, kijana anatia dole gumba kwenye karatasi, anapewa kipande, kadi yake ya kazi, anapanda. Wengine walirudi. Wengi hatujui walikozikwa.

Mwantumu alikuwa na mtoto mmoja tu, Mhina, kijana wa miaka ishirini na mbili, mkanyaga udongo hodari. Siku moja Mhina alimwambia, "Mama, nitangoja mpaka masika. Kazi ikipatikana sitoki hapa. Isipopatikana, nami naenda zangu kwenye mkonge."

Mwantumu aliyatafuna maneno hayo. Alitaka kumwambia, usiende. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Akainama, akaendelea kuchekecha mchanga.

Basi Mungu si Athumani. Ikasikika kwamba wilayani inajengwa hospitali kubwa, na kamati ya ujenzi inawaza kuezeka kwa vigae, kwa kuwa mabati yatawaoka wagonjwa mchana. Alasiri moja akaja mtu kwa baiskeli, suruali imejaa vumbi, peke yake. Alikuwa ndiye fundi mkuu wa jengo, Fundi Mbwana Chande. Hakutaka chai. Alichukua kigae, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, na Mwantumu moyo ukamruka kwa furaha. Hakuwa amewahi kumwona mgeni akifanya vile.

"Mama," Fundi Chande alimwuliza, "kigae hiki kitakaa miaka mingapi juu ya paa?"

Mwantumu akatafuna. Fundi akangoja.

"Sijui," alisema mwisho. "Vya mama yangu vina miaka arobaini na mmoja, na bado viko juu. Zaidi ya hapo sijaona."

Fundi Chande akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye kidaftari, akasema, "Baada ya mwezi mmoja njooni bomani, muieleze kamati kazi yenu. Watu wa mabati nao watakuja kueleza yao." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Looo! Kijiji kikawaka moto. Jumbe wa kijiji alikuwa Semkiwa, kaka yake Mwantumu, naye alikuja juu kama maziwa. "Dada, unatuaibisha! Mtu anakuja kununua, wewe unamwambia hujui? Mbele ya mgeni? Huko bomani si utatuua kabisa?" Wazee wakakaa barazani kwa Semkiwa, na hawakukaa sana. Neno lilikuwa moja. Tutafute mshenga.

Na hapa nisikilizeni vizuri, maana siku hizi mnaoana kwa simu. Kwao, jambo zito halikusemwa na mwenyewe. Kijana akitaka mke, haendi yeye, anakwenda mshenga. Mwenye shughuli hukaa nyuma, kimya, macho chini. Akifungua mdomo tu, amemvunjia mshenga heshima, na shauri limevunjika hapohapo. Mshenga naye ana mwiko wake. Hasemi "sijui". Akiulizwa kuhusu bibi harusi mwenye chongo, atasema, "Jicho lake moja, lakini linaona mbali." Akiulizwa kuhusu bwana harusi mvivu, "Kijana mtulivu, hana papara." Na watu hucheka, na ndoa hufungwa, na hakuna anayemwita mwongo, kwa kuwa kila mtu anaujua mchezo.

Bingwa wa mchezo huo nchi ile yote alikuwa Sechambo. Nusu ya watoto waliozaliwa mabonde yale walizaliwa kwa ulimi wake. Alikuwa mtu mwema, tena hakuwa na roho ya kudhulumu. Walipomwendea alikubali mara moja. Akaja Kwamzungo asubuhi moja, akasimama mbali na tanuru asije akapakwa moshi kwenye kanzu, akauliza vigae vina rangi ngapi. Mwantumu akajikaza, akamfuata mpaka njiani.

"Kaka Sechambo, kuna jambo la masika..."

"Dada yangu," Sechambo alimgusa bega, "wewe kazi yako umemaliza. Niachie mimi yangu."

Mwantumu akarudi nyumbani. Sentensi ile hakuimalizia kwa mtu mwingine yeyote.

Siku ikafika. Ukumbi wa bomani ulijaa. Wa mabati walitangulia, kijana mmoja anasoma karatasi, jasho linamtoka, sauti haifiki hata benchi la pili. Watu wa Kwamzungo wakatazamana. Kisha akasimama Sechambo, kanzu nyeupe pee, tarbushi, fimbo ya mpingo, na mkononi amebeba kitu kimefungwa kwenye kanga mpya.

"Hodi, wenye nyumba!" alisema. "Nimewaletea mchumba."

Akaifungua kanga taratibu, pindo moja baada ya jingine, na kigae kikatokea chekundu, kinang'aa. Ukumbi ukaangua kicheko. Akaendelea: mabati ni mke wa kelele, mvua ikinyesha nyumba nzima haina usingizi, lakini huyu wake, mvua inyeshe usiku kucha, mume anakoroma. Mabati jua likiwaka yanawaka nayo, huyu wake hana hasira, yeye na jua wamezoeana tangu tanuruni. Mwenyekiti wa kamati akafuta machozi kwa kucheka. Watu wakapiga makofi.

Mwantumu alikuwa kwenye benchi la nyuma, Semkiwa upande huu, Mhina upande ule. Alimtazama Mhina. Kijana alikuwa anacheka, meno yote nje, kitu ambacho mama hakuwa amekiona kwa miezi mingi. Akasema moyoni, atabaki. Mwanangu atabaki.

Ndipo Fundi Chande akasimama.

"Nina swali moja," alisema, wala hakuinua sauti. "Jengo litafika kwenye paa mwezi wa tatu mwishoni. Masika yatakuwa yameingia. Mtafanyaje?"

Mwantumu alijua. Mtoto yeyote wa Kwamzungo alijua. Masika hawachomi. Kigae kilichokaushwa kwenye unyevu hupasuka kwa ndani, ufa usioonekana kwa macho. Hukaa mwaka wa kwanza, na wa pili kinamwangukia mtu. Jibu lilikuwa maneno mawili.

Sechambo hakulijua, na mwiko wake haukumruhusu kusema hivyo. Akatabasamu. "Bwana fundi, tanuru letu halijui masika wala kiangazi! Ninyi semeni mnataka lini, sisi tupo."

Makofi tena. Fundi Chande hakupiga. Akakichukua kigae, akakigeuza.

"Aliyekifinyanga hiki yumo humu?"

"Yumo, bwana."

"Basi ningependa anijibu yeye."

Sechambo akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani, kama aliyeshtuka. "Ah, bwana fundi! Tangu lini mposaji akazungumza na bibi harusi? Mposaji anazungumza na mshenga!"

Ukumbi ulicheka mpaka mabenchi yakalia. Lakini Fundi Chande alikuwa anatazama kule nyuma, amemwona Mwantumu, na alikuwa anangoja, kama alivyongoja siku ile tanuruni. Mwantumu akainuka nusu. Semkiwa akashika upindo wa kanga yake akauvuta. "Kaa," alimnong'oneza. "Utavunja shauri." Mwantumu akamtazama Mhina. Kijana bado alikuwa anacheka. Mama akaogopa kukivunja kicheko kile.

Akakaa. Macho chini, kama inavyotakiwa.

Fundi alingoja muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Kisha akakirudisha kigae kwenye kanga yake. "Haya," alisema. "Nimesikia."

Walirudi Kwamzungo wakiimba. Sechambo walimtembeza kijiji kizima, wakamchinjia mbuzi, na wanawake wakampigia vigelegele. Mwantumu hakuimba. Alikwenda tanuruni akagonga vigae, kimoja kimoja, vilevile alivyokwisha kuvigonga.

Siku ya kumi Fundi Chande akaja kwa baiskeli. Angeweza kutuma barua, lakini alikuja mwenyewe, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Mama, wamechukua mabati," alisema. "Kamati nzima ilikuwa yenu. Aliyekataa ni mimi."

Semkiwa akadakia, "Kwa nini, bwana? Mshenga wetu si alisema vizuri?"

"Vizuri mno. Lakini mtu anayeniambia anachoma vigae masika, ama kazi haijui, ama anaijua na ananidanganya. Yote mawili, siwezi kulaza mgonjwa chini ya paa lake."

Mwantumu akatafuna. Fundi akangoja, na safari hii hapakuwa na wa kumvuta kanga.

"Masika hatuchomi," Mwantumu alisema. "Hatujachoma masika hata siku moja."

Fundi Chande akakaa chini, juu ya rundo la vigae. Akavua kofia. "Neno hilo ndilo nililolingoja. Nilikwisha zungumza na mwenyekiti, tungeliacha paa mpaka mwezi wa sita. Mbona hukusema, mama?"

"Kwetu mwenye shughuli hasemi."

"Ni kweli," Fundi alijibu, "lakini ile haikuwa harusi."

Mhina alikuwa amesimama kwenye shimo la udongo, miguu imezama mpaka magotini. Aliyasikia yote. Akatoka, akaenda mtoni kunawa, kisha akashika njia ya kwenda njia panda.

Kesho yake asubuhi alikuwa anafunga mzigo wake. Na mnajua Semkiwa alifanya nini? Hamtaamini. Alimwita Sechambo! Aje amsemee mama kwa mwanawe. Binadamu akizoea fimbo, hata nyoka akishafika kitandani yeye anaitafuta fimbo ileile. Sechambo akaja, akasimama mlangoni, akasema. Akasema juu ya kaburi la baba, akasema juu ya titi la mama, akasema juu ya jiwe linalotulia likaota kuvu. Majirani waliokuwa uani walilia. Mhina alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mzigo begani.

"Baba Sechambo, umesema vizuri kama kawaida yako," alisema. "Nina swali moja tu. Mama anataka nibaki?"

Sechambo akafungua mdomo. Akaufunga. Hakuwa amemwuliza. Alitoka kwa Semkiwa akaja moja kwa moja, amevaa, amejiandaa, na mwenye mtoto hakumwuliza hata neno. Angeweza kutunga. Kutunga ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini macho ya kijana yalikuwa usoni pake, na hakuna utani wa harusi unaotosha pale. Kwa mara ya kwanza tangu apate ndevu, Sechambo alinyamaza mbele ya watu.

Mwantumu akapita mbele yake. Hakutafuna.

"Baki, mwanangu," alisema. "Nataka ubaki. Neno hili limekaa mdomoni mwangu tangu mwaka jana."

Mhina akatua mzigo, akamkumbatia mama yake, na watu wakadhani yamekwisha. Lakini kijana akajitoa mikononi mwake. Akauonyesha mkono wake wa kulia, dole gumba bado jeusi kwa wino.

"Nilitia jana, mama. Jana mchana. Kipande ninacho mfukoni. Ungeniambia jana asubuhi tu."

Honi ikalia kule njia panda. Akauchukua mzigo wake akaenda.

Pale uani watu walibaki wakiitazama njia. Semkiwa akasema kwa unyonge, "Lakini mshenga amejitahidi." Sechambo akavua tarbushi yake, akaiweka chini, akasema, "Acha, Semkiwa. Ulimi wa kuazima haujibu swali." Akaenda kwake kwa miguu, fimbo ameiacha palepale mlangoni. Tangu siku ile hakuposa tena. Mtu akija kumtaka awe mshenga, alimjibu kwa neno hilohilo, akafunga mlango, na neno likasafiri na waliorudishwa.

Mzee Abedi akageuza koti upande wa bitana.

"Na Mhina alirudi?" aliuliza Zuhena. Huyu alikuwa msichana pekee katika kile kikundi, na ndiye aliyekuwa akishinda porini kwenye mizinga.

"Hakurudi. Zilikuja barua mbili. Mhina hakujua kuandika, akaandikiwa na mtu. Mwantumu hakujua kusoma, akasomewa na mtu. Mama anauliza, anakula vizuri? Anakohoa? Msomaji anatazama karatasi, anasema, bibi, barua haijasema. Baada ya hapo hazikuja tena. Tanuru liliporomoka masika ya mwaka uliofuata."

"Babu, na wewe haya yote umeyajuaje?"

"Sechambo alikuwa baba yangu mzazi." Mzee Abedi alilisema hilo kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno. "Sikuwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Wazee walipokuwa wakinisimulia alivyokuwa akichekesha ukumbi, nilidhani wanamsema mtu mwingine." Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Sasa niambieni. Huyo Kelvin wenu, mnunuzi akimwuliza asali ya mwaka huu mbona nyeusi, atasemaje?"

Nasoro akamtazama Zuhena. Wote wakamtazama Zuhena.

"Vuli haikunyesha," Zuhena alisema, macho kwenye vidole vyake. "Maua ya bondeni yakakosekana, nyuki wakapanda mlimani. Asali ya kule ndivyo ilivyo. Si mbaya. Kama itakaa mwaka mzima bila kubadilika, hilo sijui, sijawahi kuiweka."

"Haya. Na kesho anasimama nani?"

Nasoro akakuna shingo. "Kelvin yuko kwenye basi tayari, babu. Na Zuhena mwenyewe, si unamwona? Haongei."

Mzee Abedi akamtazama yule msichana kwa kitambo, akingoja. Zuhena alifungua mdomo kidogo, akamtazama mwenyekiti wake, akashusha macho. Mzee akaguna, akarudisha pini mdomoni, akaendelea kushona, kwa sababu kazi ni kazi na aliahidi koti liwe tayari kabla ya jioni. Alipomaliza alilikung'uta, akalikunja vizuri, akamkabidhi Nasoro.

"Chukua. Koti la kuazima nimeweza kulipunguza likamkaa mtu," alisema. "Ulimi wa kuazima haujibu swali."